Shangazi, nimezika watoto wawili na sasa nina mimba nyingine

Shangazi, shikamoo.

Nina mimba ya wiki 11. Wanaojua ni mume wangu, mama mkwe na wifi yangu mkubwa tu, maana nimeshazika watoto wawili na sina nguvu tena ya kupokea hongera.

Wa kwanza alikuwa wa kiume. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo, tumbo limejaa na miguu imevimba. Sukari yake ilikuwa ikishuka, na kila alipochomwa sindano damu haikukata. Tuliambiwa ana maambukizi kwenye damu. Alipewa dawa, akafariki kabla hatujampa jina. Nililia, lakini nilikubali, kwa sababu watoto wachanga huugua na wengine hufa.

Baadaye nikajifungua wa kike. Mimba ile sikuumwa hata kichwa. Mwishoni ndipo waliponiambia maji ya uzazi ni machache na mtoto hakui vizuri. Alipotoka, Shangazi, nilimwona kaka yake: tumbo lile lile, uvimbe ule ule, damu ile ile isiyoganda. Safari hii tulikuwa hospitali nyingine, na daktari mmoja wa watoto akasema si kawaida jambo kama hili kutokea mara mbili kwa mama mmoja. Alikata kinyama kidogo sana ndani ya mdomo wa chini wa mtoto, kikapelekwa kupimwa. Majibu yalirudi tukiwa tumeshazika. Yalisema kuna madini ya chuma mahali pasipostahili, na ugonjwa ukaitwa hemokromatosisi ya watoto wachanga. Daktari akanieleza kwamba chanzo ni kingamwili zangu mimi, na kwamba nikipata mimba tena nisikae nyumbani, nirudi mapema niwekewe dripu kila wiki.

Sijarudi. Naomba nikueleze kwa nini.

Wifi yangu aliposikia maneno "kingamwili zako" alisema mbele ya watu kwamba damu yangu inakula watoto wa kaka yake. Tangu hapo anamshauri aoe mke mwingine. Mume wangu hajasema ndiyo wala hapana. Mama mkwe hana ubaya, ila anasema dripu hiyo imetengenezwa kwa damu za watu tusiowajua, na kwamba mimba iliyotanguliwa na misiba miwili si ya kujaribia dawa. Nami mwenyewe niliposikia habari ya chuma niliacha vidonge vya kuongeza damu, kwa hofu kwamba ndivyo vilivyowaua wanangu. Nilivimeza kwa uaminifu mimba zote mbili. Halafu nimesoma kwenye intaneti kwamba hemokromatosisi ni ya kurithi na wazazi wote wawili huibeba. Sasa sijui nimwamini nani.

Niambie, Shangazi: ni kweli mwili wangu ndio uliowaua? Hiyo dripu inazuia kweli, au nitakuwa najaribiwa? Vidonge vya chuma nivimeze au niviache? Na je, ni kweli mume wangu akioa mwingine atapata watoto wazima? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mama wa wawili


Marahaba, mwanangu. Pole kwa mwanao, na pole kwa binti yako.

Maswali yako nitayajibu yote, lakini kwanza tazama kalenda. Una wiki 11. Dripu uliyoambiwa huanza wiki ya 14. Zimebaki wiki tatu, na ndani ya wiki hizo dawa itabidi iombwe, ilipiwe au ikubaliwe na bima, isafirishwe, na wewe upimwe damu kabla ya kuwekewa. Si dawa inayokaa rafuni katika kila hospitali. Kwa hiyo kesho asubuhi chukua yale majibu ya kipande cha mdomo, mpigie yule daktari wa watoto au nenda kwake, umwambie: "Mtoto wangu aliyefariki alikuwa na hemokromatosisi ya watoto wachanga, na sasa nina mimba ya wiki 11." Sentensi hiyo inatosha. Daktari anayeujua ugonjwa huu akiisikia hatakuambia urudi mwezi ujao. Mengine yote, pamoja na wifi yako, yanaweza kusubiri.

Sasa tuzungumze.

Madaktari wanauita ugonjwa huu kwa kifupi GALD. Andika herufi hizo nne mahali usipoweza kuzipoteza. Ni ugonjwa wa ini unaompata mtoto akiwa bado tumboni kutokana na kingamwili za mama yake. Kingamwili hutengenezwa na mwili wa kila mmoja wetu kupambana na vitu unavyoviona vigeni. Kwa wanawake wachache sana, mwili hukutana na kitu fulani kilicho kwenye seli za ini la mtoto, ukakihesabu kuwa kigeni, ukatengeneza kingamwili dhidi yake. Mama hahisi chochote, kwa sababu ini lake mwenyewe haliguswi. Karibu na wiki ya 12 kondo la nyuma huanza kuvusha kingamwili za mama, zile za aina ya IgG, kuzipeleka kwa mtoto. Uvushaji huo ni zawadi: ndio unaomlinda mtoto dhidi ya maradhi katika miezi yake ya kwanza duniani. Lakini kondo haliwezi kutenga kingamwili njema na ile yenye madhara. Zile zinazolenga ini zikifika huko hujibandika kwenye seli zake, zikaamsha protini fulani za damu ambazo kazi yake ni kutoboa seli mpaka zife. Basi ini linaharibika kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, huku mama akiambiwa kliniki kwamba kila kitu ni salama.

Umeniuliza kama mwili wako ndio uliowaua. Sitakudanganya kwamba kingamwili hazikuwa zako. Zilikuwa zako. Lakini kuua ni tendo la mtu, na wewe hapa hukutenda lolote. Hukula kitu kibaya, hukupuuza kliniki, hukumchukia mtoto. Mwili wako ulifanya kile ambacho miili yote hufanya, ukapeleka kinga kwa mwanao kwa njia ile ile ambayo mimi na wewe tulipelekewa na mama zetu. Pengine umewahi kumsikia mama mwenye damu ya Rh hasi aliyepata mtoto wa Rh chanya, mwili wake ukatengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto. Hilo ni tatizo la ukoo mmoja na lako. Tofauti yake ni kwamba kwa Rh kipo kipimo cha damu kinachofanywa kliniki mapema, na ipo sindano. Kwa GALD hakuna kipimo cha damu ya mama kinachoonyesha hatari kabla ya mtoto wa kwanza kuugua. Kwa hiyo hata ungetembea hospitali zote wakati wa mimba yako ya kwanza, hakuna ambaye angekuonya. Aliyekuonya ni binti yako, kwa kile kinyama cha mdomoni mwake. Onyo hilo ndilo linaloweza kumwokoa mdogo wake.

Vidonge vya chuma. Hapa naona umebeba mzigo usio wako kabisa, na nataka uutue leo. Ini lina kazi nyingi, na mojawapo ni kutoa homoni iitwayo hepsidini, inayouambia mwili kwamba chuma kimetosha. Ini la mtoto likishaharibika, homoni hiyo hupungua, na chuma huendelea kuvuka kutoka kwa mama bila wa kukizuia. Kisha kikakosa pa kukaa, kikatua kwenye kongosho, kwenye moyo, kwenye tezi ya shingo, na kwenye tezi ndogo za mate zilizo ndani ya mdomo. Ndiyo sababu yule daktari alikata pale. Kulichoma ini la mtoto ambaye damu yake haigandi ni hatari, lakini mdomo unafikika, na chuma kikionekana kwenye tezi zake kinakuwa ushahidi mzuri. Kwa hiyo chuma kilichoonekana kwa binti yako kilikuja baada ya ini kuharibika. Hakikuliharibu, na vidonge vyako havikukileta. Hata kama usingemeza kidonge kimoja, ingekuwa vile vile. Waambie kliniki kwamba uliviacha, wakupime wingi wa damu, wakuambie uendelee vipi. Mama mwenye upungufu wa damu hayuko salama siku ya kujifungua, na kwako kuna sababu ya ziada nitakayoieleza.

Hilo la kurithi limetokana na jina. Ipo hemokromatosisi nyingine, ya watu wazima, ambayo kweli hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili na hujaza chuma mwilini polepole kwa miaka mingi. Hiyo si yako. Hata madaktari kwa muda mrefu walidhani hii ya watoto wachanga ni ya kurithi pia, mpaka hesabu ilipokataa. Ugonjwa wa kurithi wa namna ile humpata takriban mtoto mmoja katika kila wanne. Huu, mama akishapata mtoto mmoja mwenye nao, huwapata karibu watoto tisa katika kila kumi wanaofuata kama hakuna matibabu. Tena walionekana wanawake waliopata watoto wagonjwa kwa waume wawili tofauti. Urithi wa wazazi wawili hauendi hivyo. Peter Whitington, daktari wa ini la watoto mjini Chicago, ndiye aliyefuata alama hizo na kusema chanzo kitafutwe kwenye kingamwili za mama. Na kama chanzo ni kingamwili, basi kuna mahali pa kukizuia kabla mtoto hajazaliwa.

Ndipo tunapofika kwenye dripu.

Dawa yenyewe inaitwa imunoglobulini, na ile ya kupitia mshipani hufupishwa IVIG. Mama mkwe wako hajakosea kabisa: inatokana na watu. Lakini si damu kama ile anayowekewa aliyepoteza damu. Huchukuliwa plazma, yale majimaji ya damu, kutoka kwa wachangiaji maelfu waliopimwa, zikachujwa kingamwili peke yake, kisha zikapitishwa kwenye hatua za kuua virusi. Hakuna chembe nyekundu humo. Ni dawa iliyotumika miaka mingi kwa watu waliozaliwa bila kinga ya kutosha, na imeshatumika kwa wajawazito kwa sababu nyingine pia. Mwambie mama kwamba kinachoingia mwilini mwako ni kinga za watu wengi wazima. Kingamwili zako zenye kulenga ini ni chache. Zikijikuta kwenye umati wa kingamwili nyingine zisizo na madhara, wote wakigombea mlango ule ule wa kondo, zinazofanikiwa kuvuka hupungua sana. Hizo ngeni pia huusukuma mwili wako uziondoe kingamwili zako haraka zaidi, na zile protini zinazotoboa seli hupunguziwa makali.

Je, inazuia kweli? Mwaka 2004 Whitington na mwenzake Judith Hibbard walitangaza katika jarida la The Lancet matokeo ya wanawake 15, kila mmoja akiwa ameshapata mtoto mwenye ugonjwa huu. Waliwekewa dripu kila wiki kuanzia wiki ya 18. Watoto wote 16 waliozaliwa waliishi. Baadhi yao vipimo vilionyesha ini limeguswa, lakini hakuna aliyezikwa. Soma sentensi hiyo mara mbili, mwanangu, kwa sababu wanawake hao walikuwa mahali ulipo wewe leo. Miaka iliyofuata wengine wengi walitibiwa, na mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya mimba 188. Zaidi ya tisa katika kila kumi ziliishia vizuri, wakati mimba za nyuma za wanawake hao zisizotibiwa nyingi ziliishia kwa msiba. Hakuna aliyegawa akina mama makundi mawili, hawa wapewe dawa na hawa maji matupu, kwa sababu kwa hatari ya kiasi hiki ingekuwa ukatili. Kwa hiyo hapana, hutakuwa unajaribiwa. Utapata tiba ambayo ndiyo inayopendekezwa kwa kila mama mwenye historia kama yako. Ahadi ya asilimia mia sitakupa, na daktari mwaminifu naye hatakupa.

Utaratibu unaofuatwa sasa ni dripu moja wiki ya 14, nyingine wiki ya 16, kisha kila wiki kuanzia ya 18 mpaka ya 35. Kipimo ni gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wako, bila kuzidi gramu 60 kwa mara moja. Walisogeza mwanzo kutoka wiki ya 18 hadi ya 14 kwa sababu kingamwili huanza kuvuka mapema, na kuna ini la mtoto linaloharibika kabla mimba haijafika nusu. (Dada mwingine anayesoma hapa akiwa na wiki 19 au 20 na historia kama hii, asikate tamaa akasema amechelewa. Wale wa mwanzo walianza 18. Aende leo.)

Kila dripu ni kazi ya saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Panga mapema nani atakushikia nyumba na kazi, kwa sababu ni karibu nusu mwaka. Wanaoanza mara nyingi huumwa kichwa, hupata homa na baridi, au huchoka siku mbili. Kunywa maji ya kutosha kabla na baada, omba upewe parasetamoli kabla, na usione haya kumwambia muuguzi apunguze kasi ya dripu. Kasi ndiyo inayowatesa wengi. Yapo machache ya kurudi nayo hospitali bila kusubiri wiki ijayo: kichwa kikali chenye shingo ngumu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua au pumzi kukata, mkojo kugeuka mweusi na mwili kupauka. Hilo la mwisho huwapata zaidi wenye damu ya kundi A, B au AB, kwa sababu dawa hubeba kingamwili zinazoweza kuvunja chembe nyekundu zao. Ndiyo maana nilisema usikae na upungufu wa damu, na ndiyo maana wingi wa damu yako utapimwa mara kwa mara. Na kichwa kikikuuma baada ya wiki ya 20 usikisingizie dripu kabla hujapimwa shinikizo la damu. Kifafa cha mimba nacho huanza kwa kichwa.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: omba vipimo vyote vya damu vya kliniki vichukuliwe kabla ya dripu ya kwanza. Ukishawekewa kingamwili za watu maelfu, baadhi ya vipimo vinavyotafuta kingamwili, kama vya homa ya ini aina ya B, vinaweza kuonyesha kwamba uliwahi kuambukizwa wakati ni kinga ya mtu mwingine inayosomeka. Chanjo za virusi hai kama ya surua na rubela nazo husubiri miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mkumbushe atakayekuchanja baada ya kujifungua.

Picha za mtoto tumboni zitafuatilia anavyokua na maji ya uzazi. Zikiwa nzuri, furahi, lakini usikatishe dripu kwa sababu picha ni nzuri. Picha nzuri haiwezi kuthibitisha kwamba ini halishambuliwi.

Gharama sitaipita kimya. Dawa hii ni ghali kila mahali, na familia nyingi zitahitaji bima, hospitali au ndugu wote. Hilo ndilo linalonifanya nikuharakishe. Mwombe daktari aandike barua inayotaja herufi zile nne, historia ya watoto wako wote wawili, na wiki ya 14 kama mwisho wa kusubiri. Barua isiyo na tarehe huwekwa chini ya nyingine.

Sasa swali linalokunyima usingizi. Ndiyo. Ugonjwa huu huandamana na mama. Mume wako akizaa na mwanamke mwingine, hatari hii haimfuati. Nimekujibu wazi kwa sababu utakuja kuliona jibu hilo mahali pengine, na ningekuficha ungedhani nimekuonea huruma kwa sababu kesi yako imeshindikana. Haijashindikana. Wifi yako anapiga hesabu ya mwanamke asiyetibiwa. Mwanamke anayetibiwa ana nafasi zaidi ya tisa katika kumi ya kumpeleka mtoto nyumbani, na mwanamke huyo unaweza kuwa wewe ndani ya wiki tatu. Asipoambiwa hivyo na mtu anayemheshimu ataendelea kusema lile alilosema, na wa kumwambia si wewe. Ni kaka yake.

Kwa hiyo mume wako aende nawe kwa daktari, aketi kwenye kiti cha pili, asikie kwa masikio yake. Kimya chake usikihukumu bado. Amezika watoto wawili naye, na hakuna aliyemweleza kilichowaua ila kupitia maneno ya dada yake. Akitoka pale akiwa ameelewa, mwambie unachotaka kutoka kwake: azungumze na dada yake mara moja, kwa heshima, na habari ya damu inayokula watoto isirudi tena nyumbani mwenu wakati unabeba mimba hii. Akiwa ameelewa kila kitu na bado akakaa kimya, niandikie tena, hapo tutakuwa na mazungumzo mengine. Mama mkwe mchukue siku ya dripu ya kwanza. Anaonekana ni mtu wa kuogopa zaidi kuliko wa kuchukia, na mwenye hofu akiona chupa, akaona muuguzi anavyopima joto na shinikizo kila baada ya muda, hutulia.

Naomba sasa niwageukie wasomaji wengine kidogo. Wapo akina mama waliozaa mtoto mfu mimba ikiwa imekwenda mbali, au aliyefariki siku za mwanzo akiwa na uvimbe, sukari kushuka na damu isiyoganda, wakaambiwa ni maambukizi na faili likafungwa. Maambukizi yapo na huua kweli. Lakini ini la mtoto mchanga likishindwa kazi tangu kuzaliwa, GALD iulizwe. Ni miongoni mwa sababu kubwa za ini kushindwa katika siku za mwanzo kabisa za maisha. Uchunguzi wa mwili wa mtoto, mkiweza kuukubali katika saa ile ngumu, unaweza kuonyesha alama zake, na vipande vya ini vilivyohifadhiwa maabara vinaweza kupimwa tena baadaye. Najua ninachoomba. Naomba kwa ajili ya mtoto anayefuata.

Mwanangu, imebaki siku ya kujifungua. Zalia hospitali yenye wataalamu wa watoto wachanga, na daktari wa watoto ajue kabla ya uchungu kuanza. Mtoto akizaliwa atapimwa kuganda kwa damu, sukari, albumini (protini inayotengenezwa na ini), feritini (protini inayohifadhi chuma) na alfafetoprotini (protini ya ini la mtoto). Feritini na alfafetoprotini zinaweza kuwa juu hata kwa mtoto mzima ambaye mama yake alitibiwa, kwa hiyo ukisikia namba kubwa usianguke. Uliza kwanza damu yake inaganda vipi. Wengi hawahitaji kitu zaidi ya kuangaliwa. Kingamwili zilizopita kwake humwisha mwilini ndani ya miezi michache, hazitengenezwi tena, na ini lake huendelea kupona. Akionekana ana tatizo, ipo tiba ambayo kaka na dada yake hawakuipata: kubadilishiwa damu na kuwekewa imunoglobulini yeye mwenyewe, mara moja, bila kusubiri majibu yote. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya watoto 16 waliotibiwa hivyo, na 12 kati yao walifanikiwa, ugonjwa ambao zamani uliwachukua walio wengi.

Mwombe daktari akuandikie haya kwenye karatasi moja: jina la ugonjwa, tarehe za dripu zako, vipimo vya kumfanyia mtoto na dawa ya kuanza akihitaji. Ibandike ndani ya kadi yako ya kliniki tangu wiki hii, na mume wako awe na nakala yake, kwa sababu mwanao wa kwanza hakusubiri siku zake, na uchungu unaweza kukukuta usiku mbele ya wakunga wasiokujua.

Shangazi